Siku Nilipoiandika Nyika "Pori"

Mpwa wangu yuko darasa la sita hapa Korogwe. Jioni moja alikuja barazani na daftari lake, akaniamkia, akaketi mkekani na kunisomea zoezi alilopewa shuleni: taja kanda kuu za uoto wa dunia, na kwa kila ukanda utaje mimea miwili na wanyama wawili. Alikuwa amekwisha kujaza karibu yote. Msitu wa mvua wa tropiki, savana, jangwa, uoto wa Mediterania, nyasi za kanda za wastani, misitu ya kanda hizo, taiga na tundra. Alijua kuwa taiga ni nchi ya misonobari na dubu, na kwamba katika tundra udongo wa chini umeganda mwaka mzima, hata mti hauwezi kuzamisha mizizi. Nilimwonea fahari.

"Mjomba," akaniuliza, "na sisi tunaishi katika upi?"

"Savana," nikamjibu.

"Savana kwa Kiswahili ni nini?"

Mimi ndiye mtu wa lugha katika ukoo wetu. Harusi ikiwa na utenzi, ni wangu. Barua ya kwenda serikalini huletwa kwangu. Swali kama lile lilipaswa kunichukua muda wa kufungua kinywa tu. Lakini nilinyamaza, kwa sababu jibu nililolijua, neno *nyika*, lilinikumbusha neno jingine ambalo niliwahi kuliandika mahali pake, kwa mkono wangu mwenyewe, likatugharimu ekari kumi na mbili.

Nitaanza na maneno ya daftari lile kabla sijafika kwenye kosa langu.

Wanasayansi huigawa nchi kavu kwa namna nyingi. Mgawanyo mmoja mashuhuri, uliochapishwa mwaka 2001, una bayomu 14, yaani jumuiya kuu za mimea na wanyama zinazofanana kwa sababu ya tabianchi, na ndani yake kanda ndogo 867. Msingi wa mgawanyo wa namna hii si mgumu: angalia joto, angalia mvua, angalia urefu wa kiangazi, nawe utakaribia kujua ni miti gani itasimama pale na ni mnyama gani ataila.

Kinachomgusa mpenda lugha ni majina. Sisi huyachukua kama majina ya kitaalamu, yaliyozaliwa vyuoni. Sivyo. *Tundra* lilitoka kwa Wasami, wafugaji na wavuvi wa kaskazini kabisa mwa Ulaya, likapita katika Kirusi ndipo likaenea. *Taiga* ni neno la watu wa Siberia. *Savana* lilitamkwa kwanza na Wataino wa visiwa vya Karibi. Wahispania wakalichukua, na leo Wataino wenyewe lugha yao imenyamaza lakini neno lao linasomwa na mtoto wa Korogwe. *Pampa* ni la Wakechua wa Amerika Kusini, maana yake ni nchi tambarare. Kila moja lilikuwa neno la kijijini, la mtu aliyeitazama nchi yake kwa macho ya mwenye kuishi humo. Halikuwa bora kuliko maneno ya vijiji vingine. Lilipata bahati ya kusikilizwa.

Nasi hatukukosa bahati hiyo kabisa. Neno *miombo*, ambalo Waswahili wanalishiriki na ndugu zao wengi wa Kibantu, limo katika vitabu vya misitu ulimwenguni kote, kwa sababu hakuna lugha nyingine iliyokuwa na jina la misitu ile mikavu inayotanda kutoka Tanzania hadi Angola. Neno *mbuga* liliingia katika maandishi ya wataalamu wa udongo miaka ya 1930, wakati Geoffrey Milne alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, si mbali na hapa. Alieleza jinsi udongo unavyobadilika kwa mfuatano kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni: juu mwekundu, chini mweusi wenye kunata na kupasuka. Ule mweusi wa bondeni ulikwisha kuwa na jina kwa wenyeji, nao wataalamu wakalichukua. Sisi leo tumelisahau. Tukisema mbuga tunafikiria tembo na magari ya watalii.

Sasa kosa langu.

Babu yangu alikuwa na ardhi Handeni, upande wa Sindeni. Baada ya arobaini yake, mwaka 2011, ukoo ulikaa chini ya mwembe kugawana. Mimi, kwa kuwa ndiye mwenye hati nzuri, nilikabidhiwa kalamu niandike muhtasari. Kulikuwa na shamba la mahindi na muhogo, ekari sita. Kulikuwa na sehemu nyingine, kubwa mara mbili ya hiyo, ambayo babu hakuilima kamwe. Niliuliza niiandikeje. Mmoja wa baba zangu wadogo akasema, "Andika pori." Nikaandika: *pori, ekari 12*.

Nilipousoma muhtasari kwa sauti, bibi alikuwa ameketi nyuma, ukumbini mwa wanawake. Alisubiri hadi watu wakaanza kunyanyuka.

"Mume wangu," akaniita, kama alivyozoea kunitania tangu utotoni, "umesema kule ni pori?"

"Ndiyo, bibi. Si hakulimwi?"

"Hakulimwi. Lakini pori ni shamba la mtu mvivu. Kule babu yako alikuacha kwa makusudi."

Kisha akanitajia. Kule kwenye mikwaju. Kule kwenye mipingo miwili. Bondeni kwenye mbuga, panapotuama maji ya masika. Juu kwenye miyombo, panapookotwa uyoga. Hakuwa na jina moja la mahali pote. Alikuwa na majina manne, na ukimuuliza la jumla angekwambia *nyikani*. Nilimsikiliza kwa adabu, nikakunja karatasi, nikaitia mfukoni. Muhtasari ulikwisha kutiwa saini, na safu ya karatasi ilikuwa na nafasi ya neno moja.

Miaka miwili baadaye ukoo ukahitaji fedha, na mnunuzi akapatikana, mtu wa mjini. Alikuja, akaomba karatasi, akaisoma, akacheka kidogo. "Hapa imeandikwa pori," akasema. "Bei ya pori ni bei ya pori." Hatukuwa na la kumjibu. Karatasi ilikuwa yetu na hati ilikuwa yangu.

Ilianguka miyombo kwanza, kwa sababu mkaa wake ni mzito. Matanuri yakafuka wiki kadhaa. Mipingo ikafuata. Mikwaju iliachwa kwa muda kwa ajili ya kivuli cha wachomaji, halafu nayo ikaenda.

Ningependa kusema kwamba nilijua thamani ya kile nilichokiita pori. Sikujua. Nimejisomea baadaye, na kila nilipojisomea nilimkuta bibi yangu amekwisha kufika.

Nimesoma, kwa mfano, kwamba miyombo hutoa majani mapya wiki kadhaa kabla ya mvua, wakati udongo bado ni mkavu, na kwamba majani hayo machanga huwa na rangi ya shaba na damu ya mzee. Bibi alikuwa akitazama kilima kikiwa chekundu, anatuambia tuanze kusafisha shamba. Nimesoma kwamba mizizi ya miyombo imefungamana na kuvu wa ardhini: mti humpa kuvu sukari, kuvu humletea mti maji na rutuba kutoka udongo maskini, na uyoga tunaoula ni tunda la urafiki huo. Ukikata mti, uyoga wake hauoti tena hata mvua inyeshe namna gani. Bibi hakujua habari za sukari. Aliposikia miyombo imekatwa, neno la kwanza alilosema ni, "Basi tena uyoga." Msimu uliofuata alitembea hadi kule na ungo wake, akarudi nao mtupu.

Nimesoma pia kwamba nyika si msitu ulioshindwa kukua. Ni namna kamili ya nchi, yenye sheria zake. Masika na vuli huleta maji, kisha kiangazi huja na kukaa. Mbuyu hujaza shina lake maji. Mgunga hupunguza majani na kuzidisha miiba. Mpingo hukua polepole sana, ukajijengea kiini kizito cheusi ambacho mafundi wa zumari za Ulaya hukitafuta kuliko mti wowote. Moto hupita, nyasi huungua juu, lakini mizizi yake imebaki hai chini. Swala na digidigi hula machipukizi, ngiri huchimbua viazi vya porini, kanga huparura nyuma yao. Kila mmoja anamwachia mwenzake kitu. Ukiitazama nyika kwa jicho la mkulima wa mahindi utaona mahali patupu panaposubiri jembe.

Hata mmea unaowatambulisha watu wengi Korogwe, mkonge, umekuja kutufundisha somo hilo. Si wa kwetu. Asili yake ni Meksiko, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta pwani ya Pangani. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ikafika hai 62. Ikatosha. Mkonge hufungua vinyweleo vyake usiku, jua likiwa limelala, ukavuta hewa bila kupoteza maji mengi, na mchana ukavifunga. Mmea wa nchi kame ulioipata nchi iliyokaribia kufanana na kwao. Wakoloni walijua hivyo walipolifyeka bonde la Pangani. Waliisoma nchi kwa makini kuliko sisi tulioizaliwa.

Baada ya swali la mpwa wangu, niliamua kumwonyesha. Tulianzia Sindeni tulikokwenda kuzuru makaburi, tukarudi Korogwe kwa basi. Barabara ya Handeni hadi Korogwe ni kama kilomita 65, sasa ya lami. Nilimwambia ahesabu mibuyu upande wake nami nihesabu upande wangu. Tulipolikaribia bonde la mto Pangani mibuyu ikapungua, mkonge ukajipanga safu. Siku ya pili tukapanda gari la Vugiri, juu ya mlima. Korogwe iko takriban mita 300 kutoka usawa wa bahari, na kwa kila mita 100 unazopanda joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga ukuta wa Usambara na kumwaga maji yao pale. Amani, ng'ambo ya bonde la Lwengera, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Handeni miaka mingi hupata nusu yake au pungufu.

Saa chache tu, na mpwa wangu alikuwa ametoka ukurasa mmoja wa daftari lake akaingia mwingine. Mashamba ya chai, kisha msitu. Miti imevaa ukoka na madole ya majani mengine juu ya matawi. Mbega walikuwa wakiruka na mikia yao meupe. Kwenye kichaka kando ya njia tulimwona kinyonga mdogo mwenye pembe puani. Nilimweleza kuwa vinyonga wa milima hii na jamaa zao wamepewa na wanasayansi, tangu mwaka 2006, jina la jenasi *Kinyongia*, na kwamba jina hilo limetokana na Kiswahili chetu. Alicheka sana. Alidhani majina ya kisayansi ni ya Wazungu peke yao.

Basi nikamwongezea kisa cha ua la milima hii, lile dogo la zambarau linalopandwa madirishani duniani kote. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata likaitwa *Saintpaulia* kwa heshima yake. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliliunganisha na jenasi nyingine, na jina la ofisa likashushwa cheo. Kinyonga bado anashika lake.

Wasambaa walikuwa na elimu yao ya bayomu kabla ya vitabu. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake *The Shambaa Kingdom* cha mwaka 1974, alieleza jinsi walivyoigawa dunia sehemu mbili: Shambaai, nchi ya juu yenye baridi na migomba, na nyika, nchi ya chini yenye joto, homa na wanyama wakali. Mtu wa Shambaai alijua ni mmea gani wa huku na ni upi wa kule. Nyika kwake ilikuwa mahali pa hatari. Huko Mombasa na Kilifi nako watu wa pwani waliwaita majirani zao wa bara Wanyika, na jina hilo halikuwa la sifa. Wenyewe walilikataa wakachagua kujiita Mijikenda. Kumbe dharau niliyoitia katika muhtasari wa ukoo haikuanza nami. Niliirithi pamoja na lugha.

Lakini lugha hiyo hiyo ina kisa cha kuisahihisha. Wasomaji wengi hapa mnaijua *Habari za Wakilindi*, aliyoiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili. Shujaa wake, Mbega, ni mwindaji wa nguruwe kutoka Nguu, milima iliyo magharibi mwa Handeni. Amefukuzwa na nduguze kwa kuwa ni kigego. Anatangatanga na mbwa zake, anapanda Usambara, anawagawia wenyeji nyama, nao wanampa vyakula vya mashamba yao. Mwisho wanamfanya mfalme. Ufalme wa watu wa mlimani, basi, kwa masimulizi yao wenyewe, ulianzishwa na mtu aliyeufahamu mwitu. Alikuja na elimu ambayo migomba haikuweza kuwapa.

Nilimsimulia mpwa wangu kisa hicho tukiteremka. Alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilisubiri kwa hofu: "Mjomba, na pale Sindeni ulipokuwa umesimama kimya, palikuwa na nini?"

Nikamwambia ukweli wote. Muhtasari, neno, mnunuzi, ungo wa bibi. Bibi alifariki mwaka 2016, na hakuwahi kunilaumu. Mara moja tu, tulipokuwa tukisikiliza redio na mtangazaji akataja pori la akiba, alinigeukia akasema, "Umesikia? Serikali nayo ina pori. Ila la kwake limeandikwa akiba." Akaendelea kuchambua mchele.

Tangu hapo nimelitafakari neno lile. Katika sheria zetu *pori la akiba* ni mahali panapolindwa kwa askari na silaha. Mkomazi, upande wetu wa kaskazini, ilikuwa pori la akiba kwa miongo mingi, na mwaka 2008 ikapanda kuwa hifadhi ya taifa, makao ya faru na mbwa mwitu. Ni nyika ileile ya miiba. Neno *akiba* ndilo lililoongezwa. Na akiba ndicho hasa alichokuwa nacho bibi: ukwaju wa uji, mlenda na mchunga wa miezi ya njaa, uyoga, kuni zilizokauka zenyewe, dawa ya tumbo. Alikuwa na pori la akiba la ekari 12, asiwe na mwandishi.

Sisi washairi tumezoea kuamini kwamba maneno yetu hayana madhara nje ya masikio. Nami nimeliona neno moja likikata mikwaju. Niliandika ubeti huu usiku tuliorudi kutoka Vugiri:

Niliandika kwa wino, neno moja la karaha,
Neno likaota meno, likatafuna kwa raha,
Leo hakuna mfano, wa kivuli na furaha,
Washairi, ni agano, tutaje nchi kwa staha.

Kuna ekari mbili zilizosalia, nyuma ya makaburi, ambazo hazikuingia katika mauzo. Mwezi uliofuata niliomba ukoo ukae tena. Niliandika muhtasari mpya, na safari hii sikutafuta neno la kutosha safu. Niliandika: *nyika, yenye mikwaju mitatu, miyombo tisa, mgunga, mbuyu mmoja mchanga, na mbuga ndogo panapotuama maji ya masika; isikatwe*. Baba mdogo alilalamika kwamba ni maneno mengi. Akatia saini.

Mpwa wangu alirudisha daftari shuleni. Penye mstari wa savana alikuwa amefuta akaandika: *nyika (savana)*. Mimea miwili: mkwaju, myombo. Wanyama wawili: ngiri, kanga. Chini yake, mahali ambapo hakuna aliyemuuliza, aliongeza kwa penseli: *na uyoga*.